Hivi kweli katiba ya Marekani inampa raia haki ya kuinuka na bunduki dhidi ya serikali?

#1 Dereva_wa_Usiku
Wakuu, salaam. Niko Texas, kazi yangu lori. Kuna mzee wa Kizungu ninayepakia naye mzigo, aliwahi kuwa jeshini, haongei siasa bila kuyagusa Marekebisho ya Pili ya Katiba. Kwake bunduki si ya kulinda nyumba wala kuwinda paa. Anasema waasisi waliiweka ili siku serikali ikigeuka dhalimu, wananchi waiondoe kwa nguvu kama walivyomwondoa mfalme wa Uingereza. Si mtu wa porojo, anaamini kwa dhati.

Nimeisoma hiyo ibara, ni sentensi moja tu: kwa kuwa mgambo waliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Sioni inaposema uasi. Wajuzi wa sheria na historia, haki hiyo ipo au haipo? Na kama ipo, nani anaamua kwamba udhalimu umeshafika?

#2 Jembe_Butu
Ipo. Tangazo la Uhuru la 4 Julai 1776 linasema serikali ikigeuka kuwa adui wa haki za watu, watu wana haki ya kuibadili au kuifuta. Na vita vyenyewe vilianzaje? Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa mfalme walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha na baruti za walowezi. Walipofika Lexington risasi zikalia. Watu walioanza vita kwa sababu ya kunyang'anywa silaha ndio walioiandika hiyo ibara, ikaidhinishwa mwaka 1791. Jefferson mwenyewe, mwandishi wa katiba, alisema mti wa uhuru lazima urutubishwe mara kwa mara kwa damu ya wazalendo na madhalimu.

#3 Mwl_Mstaafu
Jembe, tuweke sawa hapo. Jefferson hakuandika katiba. Mwaka 1787 wenzake walipojifungia Philadelphia, yeye alikuwa Paris akiiwakilisha Marekani kwa Wafaransa. Alichoandika ni hilo Tangazo la Uhuru. Maneno ya mti na damu yamo kwenye barua binafsi ya Novemba 1787, na alikuwa anazungumzia maasi ya Shays, akiwa ng'ambo ya bahari.

Waliokuwa karibu hawakuyafurahia hata kidogo. Daniel Shays alipigana vita vya uhuru mpaka cheo cha kapteni. Aliporudi Massachusetts akakuta wakulima wenzake wamebanwa na madeni, na kodi inadaiwa kwa sarafu ambazo hawana. Mahakama zinauza mashamba na ng'ombe, wengine wanatupwa jela kwa deni. Kuanzia Agosti 1786 wakawa wanazizingira mahakama na silaha ili zisikae. Tarehe 25 Januari 1787 wakaliendea ghala la silaha la Springfield. Mgambo wa jimbo wakawapiga mizinga, wanne wakafa, waliobaki wakatawanyika kwenye theluji. Serikali ya taifa haikuwa na fedha za kutuma jeshi. Kikosi cha Jenerali Benjamin Lincoln kilichowafukuza kililipwa kwa michango ya matajiri, wengi wao wa Boston.

Miezi minne baadaye mkutano wa katiba ukafunguliwa. Wajumbe walikuja na habari hiyo vichwani, na wengi walitaka serikali yenye uwezo wa kuzima jambo la namna hiyo. Huyo mzee wa Dereva anakumbuka 1776 akaruka moja kwa moja hadi 1791. Katikati hapo ndipo penye shughuli.

#4 Kisima_cha_Kale
Nimeweka mkeka. Mwalimu endelea, tuko darasani.

#5 Wakili_Kijana
Naongezea kwa Mwalimu. Katiba yenyewe, Ibara ya Kwanza fungu la 8, inalipa Bunge mamlaka ya kuwaita mgambo kutekeleza sheria, kuzima maasi na kurudisha nyuma uvamizi. Ibara ya Tatu fungu la 3 inasema kuipiga vita Marekani ni uhaini. Kwa hiyo mgambo mnaosema ni wa kuasi, katiba imewataja kwa kazi ya kuzima uasi.

Na walitumika hivyo mapema sana. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania walikataa kodi ya wiski, wakaichoma nyumba ya msimamizi wa kodi. Washington, akiwa Rais, akatoka na mgambo karibu 13,000. Waasi wakayeyuka kabla ya mapigano. Wawili wakahukumiwa kunyongwa kwa uhaini, Washington akawasamehe.

#6 Jembe_Butu
Msomeni na Madison basi, mmoja wa waasisi. Januari 1788 alipiga hesabu hadharani: serikali kuu haitaweza kuweka askari zaidi ya 25,000 au 30,000, na mbele yao watasimama raia karibu nusu milioni wenye silaha mikononi, wakiongozwa na serikali za majimbo yao. Huyo ndiye aliyeandaa rasimu ya Marekebisho ya Pili. Mtu hapigi hesabu ya aina hiyo kama hafikirii siku ya kupambana.

Mambo ya wiski hayanihusu. Ile ilikuwa serikali iliyochaguliwa na kodi iliyopitishwa na Bunge. Mimi nasema siku uchaguzi umefutwa na mahakama zimefungwa.

#7 Kaka_wa_Nakuru
Jembe, umejijibu mwenyewe: "wakiongozwa na serikali za majimbo yao." Madison hakumzungumzia mtu mmoja na bunduki zake gereji. Alizungumzia jimbo kamili, lenye gavana, maofisa na orodha ya askari. Mgambo hao wa majimbo walianza kugeuzwa Walinzi wa Taifa kwa sheria ya 1903, na leo Rais anaweza kuwachukua.

Mfano ni Little Rock, Arkansas, 1957. Gavana Faubus aliwaweka Walinzi wa Taifa wa jimbo lake mlangoni kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule. Rais Eisenhower akawachukua walinzi hao chini ya amri yake na akapeleka askari wa miavuli. Hapo jimbo lilisimama dhidi ya serikali kuu kama Madison alivyowaza. Mwenye haki alikuwa nani?

#8 Bint_Mvita
Kaka Nakuru kafungua mlango niliokuwa nausubiri. Mnaruka swali la msingi: hao "watu" wenye haki ya silaha ni akina nani?

Mwaka 1788 Virginia ilipokuwa inajadili kuipitisha katiba, Patrick Henry alisimama akalalamika kwamba mgambo wakiwa chini ya Bunge, majimbo hayataweza kuzima uasi wa watumwa bila ruhusa. Kusini kule mgambo na doria ya watumwa vilikuwa vinashirikiana: kuzunguka usiku, kukagua vibanda, kumdai mtu mweusi barua ya ruhusa ya bwana wake. Mtumwa Nat Turner alipoinuka Virginia 1831, kama kuna udhalimu duniani ni ule aliokuwa nao shingoni. Mgambo ndio walioitwa kummaliza. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Taney, kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, alitoa hoja kwamba weusi hawawezi kuwa raia, na moja ya hofu alizotaja ni kwamba wangekuwa na haki ya kubeba silaha popote waendapo.

Kwa hiyo nikisikia "bunduki ni kinga ya uhuru" nauliza uhuru wa nani. Wala siulizi kwa kejeli. Nauliza kwa sababu watoto wangu wanakulia Maryland na rangi yao ni hii.

#9 Mwl_Mstaafu
Dada Bint, hoja nzito, lakini usiibebeshe kila kitu. Pennsylvania iliandika haki ya silaha kwenye katiba yake 1776. Vermont 1777 iliiandika kwenye katiba ile ile iliyopiga marufuku kumfanya mtu mzima mtumwa. Huko hapakuwa na doria za mashamba ya tumbaku. Kaskazini hofu yao ilikuwa jeshi la kudumu, kwa sababu walikaa na askari wa mfalme mitaani Boston. Na huko mipakani bunduki ilikuwa ya kuwinda, na ya kuwafukuza wenyeji asilia kwenye ardhi yao, jambo ambalo hakuna aliyeligusa humu. Sababu ni nyingi, na kila jimbo lilikuja na yake.

#10 Msafiri_Georgia
Mimi sina historia ndefu, nina kadi ya kijani na bastola. Niwape picha ya dukani, maana wengi mnaongea kwa kusikia.

Unapewa fomu ya serikali, maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kupatikana na kosa kubwa la jinai? Una amri ya mahakama ya kukuzuia kumsumbua mwenza wako? Unatumia bangi? Hapo kwenye bangi wameweka onyo kwamba hata jimbo lako likiihalalisha, kwa sheria ya taifa bado ni kosa. Halafu uraia. Mwenye kadi ya kijani anaandika namba yake, anaendelea. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida anaishia hapo. Muuzaji anauliza FBI kwenye mfumo wao, majibu yanakuja: endelea, subiri, au hapana. Ikiwa "subiri" na siku 3 za kazi zikapita bila jibu, sheria ya taifa inamruhusu muuzaji akupe.

Hakuna swali hata moja kuhusu udhalimu. Nilinunua kwa sababu duka la shemeji yangu lilivamiwa usiku na polisi walichelewa. Kwa wengi wetu habari inaishia hapo. Angalizo kwa wageni: usidanganye kwenye ile fomu, hilo peke yake ni kosa la jinai na kadi yako inaweza kuingia matatani.

#11 Kisima_cha_Kale
Msafiri, wewe wa bastola si ndiye uliyefungua uzi humu kuuliza namna ya kupita kwa jirani mwenye mbwa? Hongera kwa maendeleo.

#12 Msafiri_Georgia
Mbwa yule bado yupo mkuu, na bado napita upande wa pili. Turudi kwenye mada.

#13 Jembe_Butu
Mnasema uasi wa raia haujawahi kufaa. Athens, Tennessee, Agosti 1946. Vijana wametoka kupigana Vita vya Pili vya Dunia, wanarudi kaunti ya McMinn wanakuta genge la wanasiasa na mapolisi linaiba kura, linawatoza watu faini za uongo. Wakaweka wagombea wao. Siku ya kura mapolisi wakayabeba masanduku wakajifungia nayo jela. Vijana wakachukua bunduki kwenye ghala la walinzi wa jimbo, wakaizingira jela usiku, baadaye wakatupa baruti mlangoni. Mapolisi wakajisalimisha. Kura zikahesabiwa, vijana wakashinda, na hakuna aliyekufa. Hapo bunduki ilirudisha katiba mahali pake. Naomba mnijibu hilo bila kuzungukazunguka.

#14 Bint_Mvita
Nakujibu moja kwa moja: Athens ilikuwa haki, na nafurahi hakuna aliyekufa. Sasa na wewe niangalie Wilmington, North Carolina, 10 Novemba 1898. Raia wenye silaha, nao wakisema wanaokoa mji wao dhidi ya serikali mbovu, waliichoma ofisi ya gazeti la watu weusi, wakaua makumi ya weusi, wakamlazimisha meya na madiwani waliochaguliwa kihalali wajiuzulu kwa mtutu, wakakaa wao siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeadhibiwa, na serikali kuu haikuinua mkono.

Kabla ya hapo, Colfax, Louisiana, 1873: weusi waliokuwa wanalinda jengo la mahakama ya kaunti baada ya uchaguzi wenye utata walizingirwa, wengi wakauawa baada ya kujisalimisha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1876 majaji wakasema Marekebisho ya Pili yanalizuia Bunge tu, hayamlindi mtu dhidi ya raia mwenzake. Wauaji wakawa huru.

Na Mei 1967 vijana wa Black Panther, chama cha kutetea weusi, walipoingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, sheria ya kukataza kubeba bunduki zenye risasi hadharani ilipita haraka, na Gavana Reagan akaisaini.

Athens moja, Jembe. Hizo nyingine utaziweka wapi?

#15 Mutoto_wa_Goma
Bandugu, miye ni wa Kivu, niko huku Iowa. Kule kwetu kila kikundi kinazaliwa na maneno ile ile: serikali imeshindwa, tunalinda raia. Mwanzo kijiji kinafurahi, kinawapa unga na mbuzi. Nyuma kidogo wanaweka kizuizi ku barabara, kila mutu akienda soko analipa. Baba yangu alikuwa anasukuma makaa ku baiskeli. Analipa kwa watu wa kikundi, mbele kidogo analipa tena kwa askari wa serikali.

Yule muzee wa Texas mumuulize: raia wenye bunduki wakishamaliza kutoa serikali mbaya, nani atawatoa wao? Lakini siwezi kusema serikali ibaki na bunduki peke yake. Kuna usiku askari walikimbia wakatuacha, na vijana wa kijiji ndio walisimama. Vitu vyote viwili niliviona.

#16 Kaka_wa_Nakuru
Pole ndugu yangu. Hilo ndilo jibu zito kuliko yote hadi sasa.

#17 Dereva_wa_Usiku
Nimempelekea mzee baadhi ya haya. Shays anamjua, wiski anaijua, Wilmington hakuwahi kuisikia na alinyamaza muda. Nikamuuliza kuhusu uvamizi wa 6 Januari 2021 pale bungeni Washington. Akasema wale hawakuwa wanapindua serikali, walidanganywa. Nikamwambia wengine walijiita wazalendo wa 1776 kabisa.

#18 Wakili_Kijana
Dereva, hapo umefika kwenye swali lako la "nani anaamua", na sheria imeshalijaribu.

Rhode Island, 1841. Jimbo bado linaongozwa kwa hati ya mfalme ya 1663, na bila ardhi hupigi kura. Thomas Dorr na wenzake wakaandika katiba yao, wakaipigia kura, Dorr akachaguliwa gavana. Magavana wawili kwenye jimbo moja! Mei 1842 wakaliendea ghala la silaha Providence na mizinga, mizinga ikagoma kulipuka. Dorr akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1845, na wakati huo jimbo lilikuwa limeshapata katiba mpya iliyopanua haki ya kura. Mahakama ya Juu ilipoulizwa mwaka 1849 serikali halali ilikuwa ipi, ikajibu hilo si la mahakama, waulizwe Bunge na Rais. Mwaka 1951 ikasema waziwazi kwamba haki ya kuasi haina nguvu pale ambapo pana njia ya amani ya kubadili serikali.

Kuhusu 2021: Stewart Rhodes, kiongozi wa kikundi cha wenye silaha kiitwacho Oath Keepers, alipatikana na hatia ya njama ya uasi dhidi ya serikali, akapewa miaka 18. Kikundi chake kilikuwa kimehifadhi bunduki hotelini Virginia, ng'ambo ya mto. Januari 2025 Trump akampunguzia adhabu akatoka. Marekebisho ya 14 ya 1868 yanamzuia aliyekula kiapo kisha akaasi asishike madaraka, lakini Machi 2024 Mahakama ya Juu ikasema majimbo hayawezi kulitumia fungu hilo kumwondoa mgombea urais. Kwa hiyo anayeamua, kwa vitendo, ni anayeshinda baadaye. Hilo linanitia hofu mimi kama mwanasheria.

#19 Omukama_wa_Hoima
Sisi Uganda tunalijua hilo la mshindi. Februari 1981, baada ya uchaguzi uliolalamikiwa, Museveni na wenzake wachache wakavamia kambi ya Kabamba. Januari 1986 wakaingia Kampala. Katiba ya 1995 ikaweka, ibara ya 3, kwamba raia ana haki na wajibu wa kumpinga yeyote anayetaka kuipindua katiba. Kisha ukomo wa vipindi vya urais ukafutwa 2005 na ukomo wa umri 2017, vyote kwa kura za bunge. Jembe anangoja siku uchaguzi utakapofutwa. Kwetu, tangu katiba hiyo, haujawahi kufutwa.

#20 Nesi_Ohio
Samahani nawatoa kidogo kwenye mada. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu walijiua. Kazini kwangu hatupokei waasi. Tunapokea baba wa familia ambaye mkewe anasema "ilikuwa kabatini tu." Anayenunua ya kulinda uhuru, aifungie. Na ndani ya nyumba kukiwa na mtu aliyeanza kukata tamaa, bunduki ipelekwe kwa ndugu akae nayo yeye kwa muda. Endeleeni.

#21 Jembe_Butu
Asante dada Nesi, hilo halina ubishi, na yangu iko kwenye sefu.

Wakili, nakuachia kitu kimoja. Katiba ya New Hampshire, ya 1784 na inatumika hadi leo, ibara ya 10, inasema fundisho la kutopinga utawala wa mabavu ni la kipuuzi na la kitumwa. Hiyo ni katiba, si barua ya mtu kutoka Paris. Na kwenye kesi ya Heller ya Mahakama ya Juu, 2008, Jaji Scalia aliandika kwamba wanaume wa taifa wakifunzwa silaha na kupangwa wanaweza zaidi kuukabili udhalimu.

#22 Wakili_Kijana
Scalia aliandika pia, kwenye hukumu hiyo hiyo, kwamba huenda bunduki ndogo hazifui dafu mbele ya ndege za mabomu na vifaru. Haki aliyoilinda ilikuwa ya mtu kujihami, hasa nyumbani kwake. Na mwaka 2024, kwenye kesi ya Rahimi, majaji 8 kwa 1 walikubali mtu mwenye amri ya mahakama kwa kumtishia mwenza wake anyang'anywe bunduki.

New Hampshire isome mpaka mwisho. Ibara inasema: malengo ya serikali yakipotoshwa, uhuru wa umma ukiwa hatarini waziwazi, na njia nyingine zote za kupata haki zikishindikana. Masharti matatu kwa pamoja.

#23 Jembe_Butu
Na 1776 yalitimia yote matatu. Julai 1775 walimpelekea mfalme ombi la amani, akakataa hata kulipokea.

#24 Mwl_Mstaafu
Tarehe zako ni sahihi, ila zipange. Ombi la kwanza Oktoba 1774. Lexington Aprili 1775. Ombi unalolitaja Julai 1775. Walikuwa wanaomba huku wanapigana, na Philadelphia kulikuwa na wajumbe wengi ambao bado hawakutaka kujitenga. Kujitenga kulipita mwaka mmoja baadaye, kwa kura ya wajumbe wa makoloni. Mjadala wao wa mwaka huo, wa lini njia nyingine zilikwisha, ndio ningetaka tuusome hapa. Nitaweka sehemu zake kesho jioni, na Dereva umwambie mzee naye ajiunge. Tutamtafsiria.